Adapta ya USB na Wi-Fi ya ofisi: kwa vijana wa fildi mnaoanza na Linux

Wadogo zangu mnaokuja fildi hapa Tanga, kazi hii itawafikia mapema. Laptopu ya zamani, Wi-Fi yake ya ndani imekufa, mwenyewe kanunua adapta ya USB Ngamiani au kaagiza Kariakoo, na anataka kuingia kwenye Wi-Fi ya ofisi, ile inayoomba jina la mtumiaji pamoja na nywila. Simu yake inaingia vizuri. Laptopu ya Linux inazunguka tu, halafu inaomba nywila tena. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nywila, na mchana mzima unaisha.

Kwanza mjue pamekwama wapi. Adapta yenyewe haijui jina la mtu wala nywila yake. Kazi yake ni kurusha na kupokea mawimbi. Anayezungumza na seva ya utambulisho ni programu iliyomo kwenye kompyuta, mara nyingi wpa_supplicant. Kwa hiyo kabla ya yote washeni hotspot ya simu yenye WPA2 na mjaribu kuiunganisha adapta hapo. Ikiingia, draiva (programu ya kuiendesha adapta) ni nzima na femwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya adapta yenyewe) imepakiwa, shida itafutwe kwenye utambulisho. Ikigoma hata hotspot, msiguse mipangilio ya ofisi, hamjaifikia bado.

Ikigoma, andikeni lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Jina la kwenye boksi halisaidii sana, kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu ndani na kuacha jina lilelile. Angalieni namba: 0bda ni Realtek, 148f ni Ralink, 0e8d ni MediaTek. Nikiulizwa cha kununua, nasema MediaTek zinazotumia draiva za mt76, au AR9271 ya Atheros, maana draiva zake zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Ila AR9271 inasikia 2.4 GHz tu, na ofisi ikirusha 5 GHz peke yake hutauona mtandao kabisa. Realtek 8812AU kwa miaka mingi ilihitaji draiva ya kukompaili kutoka nje, na keneli ikisasishwa unaanza upya. Mteja asiye fundi usimuachie mzigo huo. Mkikuta 0bda:1a2b, adapta inajionyesha kama CD yenye draiva za Windows. Programu ya usb_modeswitch ndiyo huigeuza.

Namba ikionekana lakini Wi-Fi haipo, someni dmesg, ujumbe wa keneli. Mara nyingi mtaona jina la faili la femwea lililokosekana, kwa mfano mt7601u.bin. Kulipata kunataka intaneti, basi chomekeni simu kwa waya wa USB na mtumie data yake. Debian kuanzia toleo la 12, la mwaka 2023, huweka femwea za namna hii kwenye diski yake ya kusakinishia. Kwenye OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, amri ni fw_update, na kwa Wi-Fi ya aina hii mtahitaji pia kusakinisha wpa_supplicant, kwani ifconfig peke yake huishia kwenye nywila ya pamoja. FreeBSD, ndugu yake, inayo tayari, ila lazima muunde wlan0 juu ya kifaa, kama vile ifconfig wlan0 create wlandev run0.

Sasa utambulisho, na hapa naomba mtulie. Endesheni wpa_supplicant kwa mkono, mkiongeza -d, msome inachosema. Faili la kawaida la PEAP (utambulisho wa jina na nywila unaopita ndani ya njia iliyofichwa) linakuwa hivi:

network={
  ssid="OFISI"
  key_mgmt=WPA-EAP
  eap=PEAP
  identity="jina"
  password="nywila"
  ca_cert="/etc/ssl/ofisi.pem"
  domain_suffix_match="radius.ofisi.example"
  phase2="auth=MSCHAPV2"
}

Mkiona CTRL-EVENT-EAP-STARTED, seva imeanza kuongea nanyi. Ikifuata CTRL-EVENT-EAP-FAILURE bila neno lolote la cheti (hati ya kidijitali ambayo seva hujithibitisha nayo), hapo ndipo pa kuangalia jina na nywila. Mitandao mingine inataka jina liwe na @ na jina la taasisi mwishoni. Eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, hutumia sehemu hiyo kujua ombi lipelekwe chuo gani.

Ikija CTRL-EVENT-EAP-TLS-CERT-ERROR, someni mstari wote. Laptopu nyingi tunazoletewa betri ndogo ya ndani imekwisha, na betri kubwa haishiki chaji. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Logi inaandika "certificate is not yet valid", na kweli, kwa saa ya kompyuta ile cheti bado hakijaanza kazi. Saa ya mtandaoni haiwezi kuirekebisha kwa sababu mtandao wenyewe haujapatikana. Wekeni tarehe kwa mkono kwa amri ya date, mjaribu tena.

Kosa likiwa jingine, ombeni cheti cha CA (yule anayetoa vyeti vya seva) kwa mtu wa mtandao wa ofisi. Msifute mstari wa ca_cert ili kazi iishe. Najua itaishia hapo, itaunganika papo hapo, na mteja atashukuru. Lakini mmeiacha laptopu imwamini yeyote anayerusha jina la OFISI. Ni kama kumkabidhi mtu ada ya mtoto kwa sababu kavaa fulana ya shule. Mwaka 2012 watafiti wa usalama Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba majibizano ya MSCHAPv2 (njia ya kuthibitisha nywila, ile ya mstari wa phase2) yakinaswa, kuyavunja ni kazi ya kutafuta ufunguo mmoja tu wa DES, usimbaji wa zamani. Na nywila ile mara nyingi ndiyo ya barua pepe yake na ya mfumo wa mishahara. Msimamo wangu ni huu: kama cheti hakipatikani leo, laptopu irudi kesho.

Weka domain_suffix_match pia, hasa kama CA ni ya kampuni inayouza vyeti kwa kila mtu. Bila jina la seva, mwenye cheti chochote cha CA hiyo anapita. Faili lenyewe lipewe ruhusa 600 (mwenye faili pekee kusoma na kuandika), na nywila aiandike mwenyewe.

Baada ya CTRL-EVENT-CONNECTED hakuna mengi. IP isipokuja, angalieni kama dhcpcd au dhclient, programu za kuomba IP, inafanya kazi, na kama NetworkManager, programu nyingine ya kusimamia mtandao, haigombanii kifaa hichohicho. Mtandao ukikatikakatika, zimeni uokoaji wa umeme kwa iw dev wlan0 set power_save off. Na adapta ya 2.4 GHz ikiwa imebanana na diski ya USB 3.0, itengeni kwa waya mfupi wa kurefusha, kwa sababu mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo.