Mashine ya usikivu inawakataa watoto wengi: tatizo liko wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Mbagala. Tumepewa mashine ndogo ya kupima usikivu wa watoto wachanga, ile yenye ncha ya mpira inayoingia sikioni. Tunapima asubuhi, wakati wa kliniki ya chanjo. Karibu nusu ya watoto inawakataa, na tukiwaambia kina mama waende hospitali kubwa, wengi hawaendi. Je, mashine ni mbovu?

JIBU: Sista, kabla hujailaumu mashine, angalia mnapopimia. Kifaa hicho hutoa mlio mdogo, kisha husubiri mwangwi unaorudishwa na chembe za sikio la ndani. Mwangwi huo uligunduliwa na David Kemp mwaka 1978, na ni hafifu mno. Asubuhi ya kliniki benchi limejaa, watoto wanalia kwa sindano, bodaboda zinapita chini ya dirisha. Kelele zikiufunika mwangwi, mashine haiupati, na mtoto anayesikia vizuri anahesabiwa ana shida.

Kwa hiyo mtoto apimwe kabla ya sindano, si baada yake. Mama amnyonyeshe kwanza, asinzie mapajani. Tumieni chumba cha ndani kabisa, hata stoo, mlango umefungwa na feni imezimwa. Chagua ncha inayoziba tundu la sikio sawasawa. Ikilegea, kelele zinaingia. Kila baada ya mtoto itazame kwenye mwanga: mara nyingi vitundu vyake vimezibwa na nta au ule utando mweupe wa kuzaliwa. Asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, mpime mwenzako mnayejua anasikia vizuri. Akikataliwa, safisheni au badilisheni ncha. Na wanaozaliwa hapo kwenu msiwapime siku ya kwanza kama mnaweza kusubiri, maana sikio bado lina majimaji.

Sasa hilo la kina mama kutokwenda, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Usimtafutie mama siku nyingine na nauli nyingine. Chanjo zinamleta tayari. Kama hakupimwa kabla ya mwezi 1, mpime wiki ya 6. Akikataliwa, mrudie siku hiyohiyo akilala vizuri. Bado? Andika kwenye kadi ya kliniki, umrudie wiki ya 10. Akikataliwa tena, mpe rufaa hapohapo, na wiki ya 14 muulize mama amefikia wapi.

Unapompa rufaa, mweleze anakwenda kufanyiwa nini. Mama asiyejua kama kuna msaada hana sababu ya kupoteza siku nzima Muhimbili. Mwambie zipo shimesikio, yaani vifaa vya kuvaa sikioni vinavyokuza sauti, na kwamba tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia kwa watoto wanaofaa. Mwambie pia kuwa Lugha ya Alama ianze mapema nyumbani, na kwamba hapa jijini ipo Shule ya Viziwi Buguruni. Akikujibu kwamba mtoto anashtuka mfuniko wa sufuria ukigongwa, usimbishie: mtoto anaweza kuhisi mtikisiko au kusikia mlio mzito, huku sauti za maneno zikimpita.

Kuna watoto ambao mashine yako haiwatoshi, hata wakipita: njiti, waliolazwa kwa manjano kali, waliochelewa kulia walipozaliwa. Kwao sikio la ndani linaweza kujibu vizuri lakini mshipa wa usikivu haupeleki taarifa kwenye ubongo. Hao wapewe rufaa ya kipimo cha mshipa, kinachofanywa kwa vibandiko kichwani mtoto akiwa usingizini. Waliochomwa sindano za jentamaisini, dawa ya bakteria inayoweza kudhuru sikio, kwa siku nyingi nao waangaliwe kwa karibu.

Na aliyepita leo asisahaulike. Anapokuja kwa chanjo ya surua na rubela, miezi 9 na tena miezi 18, muulize mama kama anageuka akiitwa bila kumwona anayemwita, na kama sikio linatoa usaha. Akiugua homa ya uti wa mgongo, apimwe upya mara tu anapopata nafuu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuharibu sikio la ndani kwa haraka, na upandikizaji ukichelewa unakuwa mgumu.