Mwenye pumu, kinga yako haijashuka

Mwalimu wa darasa la pili huambukizwa kila kitu. Nimefundisha Morogoro miaka kumi na tisa, na mafua nayajua yanaingia lini kama mkulima anavyozijua mvua zake: wiki ya pili au ya tatu baada ya shule kufunguliwa, Januari na Julai. Watoto wametoka likizo Ifakara, Kilosa, Dar, Mahenge, kila mmoja kaja na ya kwake puani. Wanapiga chafya kwenye viganja, halafu viganja hivyohivyo vinakuletea daftari usahihishe.

Kwa walimu wenzangu hayo ni mafua tu. Mimi nina pumu tangu nikiwa na miaka sita, na kwangu mafua yana ratiba. Siku ya kwanza koo linawasha. Ya pili kamasi kama maji. Siku ya tatu au ya nne, wenzangu wanapoanza kupata nafuu, yangu yanashuka kifuani, na saa nane usiku nimekaa kitandani mikono juu ya magoti, nasikiliza filimbi inayopigwa ndani ya mbavu zangu.

Kwa miaka mingi jambo hilo nililieleza kwa maneno mawili, na kila niliyemwambia alitikisa kichwa kukubali: kinga imeshuka. Basi nikawa mteja. Nimelamba unga wa mlonge, nimekunywa vitamini C za kuyeyusha kwenye maji, nimetafuna kitunguu saumu kibichi kabla ya chai (darasa zima lilijua). Shoga yangu mmoja aliniuzia dawa ya maji ya shilingi elfu thelathini na tano, "inapandisha kinga ndani ya wiki mbili, mwalimu." Kilichopanda ni deni.

Julai 2018 ndipo nilipopata akili. Siku ya nne ya mafua, usiku, nilikuwa nimevuta inhela ya bluu, kile kikopo cha dawa ya kufungua kifua, hata nikapoteza hesabu. Nilikuwa navuta, natulia nusu saa, navuta tena. Mume wangu akamgongea jirani mwenye bajaji. Hospitalini alinipokea daktari kijana, umri wa wanafunzi wangu wa kwanza kabisa. "Shikamoo mama." Nikajibu, "Mara..." nikatafuta pumzi, "...haba." Hakucheka. Aligeuka akaagiza oksijeni na mashine ya kuvuta mvuke wa dawa kabla hajanigusa kwa kipimo chochote. Kesho yake aliniambia: mtu asiyeweza kumaliza marahaba kwa pumzi moja, huyo harudishwi nyumbani.

Kipimo hicho nakipenda kuliko vyote, maana hakihitaji kifaa. Mgonjwa wako wa pumu mpe shikamoo, au muulize jina lake kamili. Akikatakata maneno, midomo ikibadilika rangi, au inhela ya bluu ikimsaidia kwa muda usiotimiza masaa manne kisha anabanwa tena, usingoje kupambazuke.

Asubuhi yule kijana alirudi na swali. "Mama, zile za bluu unamaliza ngapi kwa mwaka?"

"Kwa mwaka? Daktari, mimi kila mwezi natafuta mpya."

Alinyamaza kidogo. Kopo moja lina mivuto 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka tayari yuko kwenye kundi linalopatwa sana na mashambulizi makali, na anayefika kumi na mawili hatari ya kufa kwa pumu inakuwa kubwa. Mimi nilikuwa wa kumi na mawili, nikijiona mgonjwa mwenye nidhamu. Akauliza habari za inhela ya kahawia, ile ya kuzuia. Ile ya kahawia ilikuwa kabatini jikoni, nyuma ya kopo la sukari, tarehe yake imeshapita. Nikamwambia ukweli, kwamba nilipoivuta sikuona ikifanya kitu.

Akachukua karatasi, akachora bomba, yaani njia ya hewa. "Kinga yako haijashuka, mama. Inachelewa pale inapotakiwa kuwahi, halafu ikifika inafanya fujo."

Tangu siku ile nimesoma kila kilichonifikia kuhusu hilo, na nitalieleza kama ninavyowaeleza wazazi kwenye kikao.

Mafua mengi husababishwa na kundi la virusi viitwavyo rinovirusi. Ziko aina zaidi ya 150, ndiyo maana kuugua mwaka huu hakukuokoi mwakani. Virusi vikiingia kwenye seli za ukuta wa njia ya hewa, seli iliyovamiwa hutoa kemikali ya kuwaonya majirani: fungeni milango, adui kaingia. Kemikali hiyo ni interferoni, iligunduliwa London mwaka 1957. Kwa mtu asiye na pumu onyo hutoka mapema, virusi vinakosa pa kuzaliana, na mambo yanaishia puani. Mwaka 2005 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichukua seli za njia ya hewa za watu wenye pumu, wakaziambukiza rinovirusi maabara. Interferoni ilitoka kidogo mno, na virusi vikazaliana kupita vile vya kwenye seli za watu wasio na pumu. Walipoziongezea interferoni kutoka nje, virusi vikapungua.

Hapo ndipo kuchelewa. Fujo inafuata. Seli zinazokufa zikiwa zimejaa virusi hupiga kelele ya aina nyingine, na kelele hiyo kwa mwenye pumu huita askari wasiohusika: chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili na wenzake, wale wale wanaojitokeza kwenye mzio wa vumbi na manyoya ya paka. Wakifika wanamwaga sumu yao ukutani. Ukuta unavimba, makohozi yanakuwa mazito kama uji wa mtoto, misuli inayozunguka bomba inajikaza. Ile filimbi ni hewa inayojipenyeza kwenye kilichobaki. Ndiyo maana siku ya kwanza uko sawa na wenzako na siku ya nne hamko sawa: virusi vimepewa siku tatu za kuzaliana, na jeshi lililokuja ni la vita vingine.

Sasa rudi kwenye ile dawa ya elfu thelathini na tano. Hata kama ingefanya kazi, ingepandisha kinga ipi? Sehemu kubwa ya kinachonibana ni kinga yenyewe ikifanya kazi kwa bidii mahali pabaya. Wataalamu walijaribu hata kuwapulizia wagonjwa interferoni halisi walipoanza mafua. Matokeo ya mwaka 2014 hayakuonyesha nafuu kwa kundi zima, ingawa wale wenye pumu ngumu walionekana kusaidika kiasi. Kama interferoni yenyewe imepata shida hivyo, sembuse chupa ya mtaani. Sina ugomvi na tangawizi, limau na asali. Vinatuliza koo na nyumba inanukia vizuri. Nyungu ya mama mkwe nayo niliiingia mara moja, kwa heshima. Mvuke wa mikaratusi ulinibana nikatoka chini ya blanketi nikiwa mbio. Mwenye pumu aangalie sana mvuke mkali, moshi wa udi na dawa za mbu za kuchoma, hasa kipindi cha mafua.

Kinachosaidia ni kile kilichokuwa nyuma ya sukari. Inhela ya kahawia ni dawa ya kuzuia: inapunguza uvimbe wa ukuta, taratibu, siku hadi siku, na hutasikia chochote ukiivuta. Ya bluu inalegeza misuli tu kwa saa chache huku uvimbe ukiendelea chini yake. Virusi vikikuta ukuta umetulia, fujo inakuwa ndogo. Vikikuta umeshavimba, inakuwa kama ilivyokuwa kwangu. Kwa hiyo dawa ya mafua ya Julai unaanza kuivuta Mei, au tuseme huiachi. Mwaka mmoja baada ya kulazwa kwangu, mwaka 2019, GINA, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya pumu, lilisema wazi kwamba kuanzia umri wa miaka 12 asitibiwe mtu kwa inhela ya bluu peke yake. Siku hizi ipo pia inhela yenye dawa mbili ndani ya kopo moja, ya kulegeza na ya kutuliza uvimbe. Muulize daktari wako.

Watu wanaiogopa ile ya kahawia kwa sababu ni steroidi, jamii ya dawa kali za kutuliza uvimbe. Niliogopa pia. Lakini ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu, tena inatua palepale kifuani. Vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, nilivyopewa wodini vilikuwa miligramu 40 kwa siku, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Anayeikwepa ile ndogo huishia kumeza kubwa. Ukimaliza kuvuta sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata fangasi wa ulimi.

Namna ya kuvuta ni habari nyingine. Nilikuwa naipulizia ulimi wangu miaka yote. Kama huna chombo maalumu cha kupitishia dawa, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: unatoboa kitako chake tundu linaloubana mdomo wa inhela, unaziba pembeni kwa plasta hewa isivuje, unavutia mdomoni mwa chupa polepole. Huko Cape Town waliifanyia utafiti kwa watoto wenye shambulio la pumu, ukachapishwa mwaka 1999, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Nimetengeneza nne, mbili ziko ofisi ya walimu.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Antibayotiki haziui virusi, kwa hiyo usikimbilie amoksilini ukisikia tu kamasi. Dawa za mafua za duka la dawa soma zina nini, maana aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huwabana baadhi yetu vibaya. Godoro lianike, shuka zifue kwa maji ya moto: utafiti wa Manchester wa mwaka 2006 uliona kwamba mtoto mwenye pumu na mzio, akikutana na kinachomletea mzio, kama vumbi la godoro, kwa wingi na virusi kwa wakati mmoja, uwezekano wa kulazwa ulipanda kwa kama mara 19. Wazazi wa watoto wa bweni wasikie hapo. Na mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi ufanye nini siku ya kwanza ya mafua, siyo ya nne. Yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, ilipokuwa ile sukari.

Kuhusu kufungua shule, sikuwa nikijidanganya. Kanada watoto hurudi darasani mwanzoni mwa Septemba, na kama siku 17 hivi baadaye watoto wenye pumu hujaa hospitali, mwaka baada ya mwaka. Southampton nako walifuatilia watoto 108 wa miaka 9 hadi 11. Vipindi vyao vya kubanwa, asilimia 80 hadi 85 vilikuwa na virusi ndani yake, vingi vikiwa hivyo hivyo vya mafua.

Januari hii nilipata mafua kama kawaida, Jumatatu ya wiki ya tatu. Alhamisi usiku niliamka saa nane kwa mazoea, nikakaa, nikasikiliza. Kimya, mbwa wa jirani tu. Asubuhi nikaenda kazini na leso zangu. Kuna mtoto wa dawati la mbele, kanyanyua daftari la Hisabati, kalipigia chafya katikati ya ukurasa, kisha kanipa kwa mikono miwili kwa adabu zote.

"Afya," nikamwambia, nikalipokea kwa vidole viwili.