Pikapu kuukuu, springi na tairi: majibu ya maswali yenu

Wiki hii karibu kila aliyeuliza anataka gari lake liwe juu zaidi. Nawaelewa, maana njia za mashambani huku kwetu kipindi cha mvua zinajulikana. Lakini wengi mnachanganya kunyanyua bodi na kunyanyua ekseli, yaani ule mhimili unaounganisha tairi mbili, na hapo ndipo hela zinapotea. Tuanze na swali linaloonyesha jambo hilo vizuri.

Fundi, shikamoo. Nina Hilux ya 1993, injini 3L, ekseli ya mbele ni ile nzima. Nabeba korosho kutoka shambani hadi AMCOS, chama chetu cha ushirika. Kifuku kikikolea, difu inalala juu ya tuta la katikati ya njia. Nikinyanyua inchi nne nitapona? (Tandahimba)

Marahaba. Inchi nne za springi hazitaisogeza difu yako hata milimita moja. Difu, lile boksi la gia linalozungusha tairi, imo ndani ya ekseli, ekseli inabebwa na tairi, na springi inakaa juu ya ekseli. Ukirefusha springi unapandisha chesisi, bodi na mzigo. Difu inabaki palepale ilipokuwa inalala.

Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi ya 205R16 ina kimo cha milimita 740 hivi. Ukifunga 235/85R16, yenye kama 806, umeongeza milimita 66, na difu inapanda 33. Ukifunga 7.00R16, yenye kama 780, difu inapanda karibu 20. Zinaonekana ndogo ukizitaja hapa, ila kwenye tuta la udongo mbichi ndizo zinazoamua kama unapita au unachimba.

Sasa injini. 3L ni lita 2.8 bila tabo, nguvu yake ni farasi kama 90. Tairi iliyorefuka kwa asilimia 9 inazirefusha gia zako zote kwa asilimia hiyohiyo. Ukipanda Newala kutokea upande wa Masasi na tani moja mgongoni, pale ulipozoea namba tatu utajikuta namba mbili. Kwa kazi yako mimi ningefunga 7.00R16. Zile 235/85 ningemwachia anayetembea na mzigo mwepesi, au aliye tayari kubadili meno ya difu.

Kuhusu springi, kabla ya kununua chochote pima kwanza kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu. Springi za zaidi ya miaka 30 huwa zimelala, na mara nyingi upande wa dereva umelala zaidi. Seti mpya iliyotengenezwa kwa mzigo wako, iliyo juu ya kimo cha kiwandani kwa milimita 40 hadi 50, inakutosha kabisa, na shokapu ziwe za urefu unaoendana nayo. Ukivuka hapo pembe ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inaharibika, na magunia yanapanda juu zaidi wakati njia imelala upande.

Sisi tumenyanyua nyuma kwa kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Tangu siku hiyo, tukipakia mbaazi breki za mbele zinafanya kazi yote, za nyuma kama hazipo. Fundi ametoa hewa, amebadilisha viatu vya breki, hakuna mabadiliko. (Ruangwa)

Dada, naomba usilipakie gari hilo tena kabla hujamaliza kusoma hapa.

Lala chini ya gari, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Pikapu nyingi za Kijapani zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, na kafimbo kanakotoka kwenye vali hiyo hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, bodi inashuka, kafimbo kanasogea, vali inaruhusu mafuta ya breki yaende nyuma kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu inayabana, ili tairi za nyuma zisijifunge na gari likageuka.

Mlipoingiza vile vyuma mliisogeza bodi mbali na ekseli. Vali inaona gari ni tupu muda wote, hata mkiwa na tani nzima. Hivyo fundi angeweza kutoa hewa mpaka jioni na bado breki zingekuwa hivyohivyo.

Dawa ni kukinyanyua kishikio cha kafimbo hicho, upande wa ekseli, kwa kimo kilekile mlichoongeza. Mmeweka milimita 50, kipande cha kishikio kiongezwe 50. Fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anakitengeneza, mradi akichomelee kikiwa nje ya gari. Kisha gari lijaribiwe polepole mahali pasipo na watu, tupu na likiwa na mzigo. Akikushauri vali iondolewe kabisa, kataa. Siku utakayorudi tupu lami ikiwa na maji, nyuma itakupita mbele.

Mkiwa hapo hapo, mnyanyue gari kwa jeki ya chesisi mpaka ekseli ininginie, mtazame paipu ya mpira ya breki. Ikiwa imekazika, nunueni ndefu. Na vile vyuma visiwekwe mbele kamwe, hata kama mtu atawaambia kwake vimekaa miaka.

Hilux yangu ya 1999 haina springi za mbele, ina zile fimbo zinazojipinda. Nimekaza bolti zake, mbele pamepanda vizuri, ila inagonga na mipira ya shafti imechanika. (Lindi mjini)

Mdogo wangu, ukikaza bolti zile hauongezi urefu wa mwendo wa tairi. Unauhamisha tu. Mkono unaoshika tairi ulitakiwa uwe na nafasi ya kushuka tairi inapoingia shimoni, wewe umeshaimaliza gari likiwa limesimama, ndiyo maana unasikia kugonga. Shafti nazo zinazunguka kwa pembe kali, mipira inapasuka, mchanga unaingia. Legeza mpaka ibaki milimita 25 au 30 juu ya kimo cha kiwandani, funga mipira mipya na grisi mpya, kagua boli jointi, halafu upeleke alaimenti. Usipopeleka, tairi italiwa upande mmoja.

Nimetoka 205R16 kwenda 265/75R16. Spidi mita inanidanganya? (Masasi)

Ndiyo. Ikisoma 80 unakwenda karibu 87. Kilomita zinazohesabiwa nazo ni pungufu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mafuta utaona gari linakula kuliko linavyokula kweli. Mafuta ya injini badilisha mapema kidogo.

Nimeonyeshwa 265/75R16 za mtumba, kashata (yale meno ya tairi) bado nzima kabisa. Ubavuni zimeandikwa 3614 na 112. Rimu zangu ni za inchi 6. (Mikindani)

Usinunue. 3614 maana yake zilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2014, na mpira hukauka hata ukiwa stoo. Hiyo 112 ni nzuri, kila tairi inaruhusiwa kubeba kilo 1,120. Ukikuta 104 ujue ni kilo 900. Lakini tairi ya 265 inataka rimu isiyopungua inchi 7. Kwenye inchi 6 bega linabinywa, katikati panatuna na kuisha haraka. Kwa rimu hizo tafuta 235/85R16. Kimo ni kilekile, na kwenye tope lenye chini pagumu tairi nyembamba inakata tope hadi ishike pale pagumu.

Barabara ilipokatika kule Somanga Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, nilikwama. Nataka gari la kupita maji. (Kilwa)

Kaka, maji yanayokimbia usiyajaribu kwa kimo chochote. Tairi kubwa zimejaa hewa, zinasaidia gari kuelea. Kwa maji yaliyotulia, kazi ya kwanza ni kurefusha vipumulio vya difu na gia boksi hadi juu, karibu na injini, maana difu ya moto ikizama ghafla inavuta maji ndani. Kazi ya pili ni kujua mdomo wa kuvutia hewa ya injini uko kimo gani. Maji yasifike hapo.

Tunaenda Msimbati na familia, gari tupu. Mchanga unatushinda, tununue tairi pana? (Mtwara)

Hapana, punguzeni upepo kwanza. Shusheni hadi PSI 18 au 20 kwenye kipimo cha upepo, mwende taratibu, msikate kona kwa ghafla tairi isije ikachomoka kwenye rimu. Bebeni pampu na kipimo, mjaze kabla ya kurudi kwenye mwendo wa barabarani, kwa sababu tairi laini ikikimbizwa inachemka na kupasuka.