Kwa mnaoanza kazi ya mashua: siku Manda ilipopotea

Nawaandikia nyinyi vijana mlioanza juzi juzi kubeba wageni hapa Lamu, manake nawaona pale gatini mnapigwa picha mmeshika usukani kwa vidole viwili, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka ile wikiendi ya mwezi wa sita.

Ukungu ule wa kwenye sinema, mweupe umelala juu ya maji, huku kwetu ni nadra kwa sababu bahari yetu ni ya vuguvugu, ukungu mzito wa baharini hupenda hewa yenye unyevu ipite juu ya maji baridi. Sisi kinachotufunga macho ni mvua ya Kusi, ule upepo wa msimu unaotoka kusini. Inakuja kama pazia la kijivu, mara kisiwa kipo mara hakipo, halafu ile mvua kubwa ikishapita yanabaki manyunyu kama moshi, na hapo ndo pabaya kwa sababu mtu anadhani yameisha.

Tulikuwa na wageni wanne wa Nairobi, Jumamosi tukapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yamejaa kama saa nne asubuhi, tukaenda zetu kisiwa cha Pate na Kusi kisogoni, raha mustarehe, tukalala Mtangawanda huko huko Pate. Mimi nikawaambia wageni kesho mapema tu tutakuwa tumefika, hesabu ya kitoto kabisa hiyo. Kwenda na Kusi ni kuteleza, kurudi ni bisho, kupanda dhidi ya upepo zigizaga moja baada ya nyingine, na maji nayo kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa hiyo kama leo yamejaa saa nne kesho ni karibu saa tano. Na yalikuwa maji mafu, hata yakijaa hayajai sana, ukichelewa kidogo Mkanda unakukataa. Hesabu ya safari ifanye ya kurudi, ya kwenda itajifanya yenyewe.

Basi Jumapili tumetoka Mtangawanda mvua ikatupiga. Nahodha akasema neno moja, tua tanga, yaani lishushe, na mimi nikauliza mbona upepo wenyewe haujafika, hajanijibu, akaifungua kamba mwenyewe. Dakika haikupita chombo kilikuwa kimelala upande kwa mlingoti mtupu! Sasa wewe ukiambiwa tua tanga, tua, maswali utauliza ukishafika nchi kavu.

Ikapita, yakabaki yale manyunyu, Manda haionekani, Pate haionekani. Tukatweka tanga tena, nikapewa dira niisome. Kwenye simu ramani ilikuwepo lakini skrini ikilowa haisikii kidole, unagusa hapa inafunguka pale, nikaiacha. Nikasoma dira vizuri kabisa, kama robo saa hivi, mpaka nahodha akageuza shingo akaniuliza, "Mwanangu, mbona upepo wanipiga kisogoni?" Upepo ulitakiwa utupige shavu la kushoto. Kuangalia, mgeni mmoja ameisogeza spika yake ya muziki chini ya ubao isilowe, imekaa ubavu kwa ubavu na dira. Spika ina sumaku ndani. Nikaiondoa na ule mshale nikauona kwa macho yangu unazunguka taratibu kama mtu anayeamka usingizini, wallahi nilisikia baridi ambayo si ya mvua.

Nahodha hakunigombeza. Akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akauchomeka majini, ukatoka na tope jeusi, akalinusa, akasema tuko karibu na mikoko, tia nanga. Yaani hapo ndo nilijifunza kwamba kutia nanga si kushindwa, ukishajua hujui ulipo na chini panafikika, kaa hapo hapo.

Tukiwa nanga tukasikia boti ya mashini inakuja kasi na hatuioni. Baragumu letu nililiacha nyumbani, eti ni zito. Sheria ya kimataifa ya kuzuia vyombo kugongana, ile ya 1972, inasema chombo cha tanga kikiwa safarini na hakuoneki kipige mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, isizidi dakika mbili bila kurudia, na kidogo kama chetu, chini ya mita 12, kiwe safarini au nanga, hakibanwi na milio hiyo ila lazima kipige kelele yoyote ya kusikika. Sisi tulipiga sufuria ya wali kwa mwiko. Boti ikapunguza moto, ikapita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya petroli.

Hewa ilisafika kama saa saba mchana, maji yameshaanza kupwa, tukajaribu Mkanda hivyo hivyo na katikati tukakaa matopeni. Mahamri yalikuwa yameisha tangu asubuhi, kwa hiyo beba chakula na maji ya siku moja zaidi hata kama safari ni fupi. Jioni ndege ya wageni wetu ikaruka kutoka Manda ikatupita juu ya vichwa, wote wanne wakaitazama mpaka ikaisha, hakuna aliyesema kitu. Saa mbili na kitu usiku ndo chombo kikaelea.

Baragumu sasa linakaa kwenye ndoo ya kifuniko pale tezini, nyuma ya chombo. Dira ina sanduku lake la mbao, na mgeni akipanda na spika naipokea kwa heshima zote naipeleka omo, kule mbele kabisa.