Mmeuliza Kuhusu Hoteli za Bei Nafuu Ng'ambo

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Mombasa, nyingi za watu wanaojiandaa kwa Dubai na Istanbul. Tumechagua tano.

Ndege yatua usiku mkubwa

*Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tunakwenda Dubai. Ndege yatua saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 12. Nimebuku hoteli Deira kuanzia tarehe 12. Tukifika tutapewa chumba papo hapo? – Bi wa Kuze*

Wa aleikum salaam, Bi. Hamtapewa, labda wawe na chumba kitupu na roho nzuri. Kwa hoteli, usiku wa tarehe 12 huanza mchana wa tarehe 12, mara nyingi saa nane (wao huandika 14:00). Mpaka mpite uhamiaji, mchukue masanduku na kufika Deira, itakuwa karibu saa kumi na moja alfajiri. Mtabaki kwenye viti vya mapokezi masaa tisa.

Badilisha uanze tarehe 11, kisha uiandikie hoteli kwamba mtafika usiku sana. Usiache kuandika. Usiku ukipita bila nyinyi kuonekana, karani huwahesabu kama wageni ambao hawakuja, chumba kikapewa mwingine, na kama bei yenu ni ile isiyorudishwa, pesa zimekwenda. Ikiwa usiku wa ziada ni mzigo mfukoni, ulizeni kama mnaweza kuacha masanduku mapokezini, mpewe vikaratasi vya namba, mtoke.

Jambo lingine ni saa yenyewe. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Ukiandikiwa kwamba unaweza kufuta bila malipo hadi 18:00, hiyo ni saa kumi na mbili jioni yao, nasi huku ni saa kumi na moja. Ukifuta saa kumi na moja na nusu ukidhani ungali na muda, umechelewa.

Nimeshalipa, mbona nadaiwa tena?

*Nimelipia siku 4 katika hoteli ya nyota 3 Dubai kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa. Jirani aniambia mapokezini watataka pesa nyingine. Ni kweli, au ni utapeli? – Msomaji, Likoni*

Ni kweli, na ni madai mawili tofauti. La kwanza ni ada ya serikali iitwayo Tourism Dirham, inayotozwa tangu 2014: kati ya dirham 7 na 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kwa kufuata nyota za hoteli. Nyota 3 ni dirham 10, kwa hiyo zako ni 40, uwe peke yako au mko wawili chumbani. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola 1. Dola ikiwa shilingi 129, hizo 40 ni kama shilingi 1,400. Ada hii huandikwa chini kabisa ya ukurasa wa malipo kwa herufi ndogo, ndiyo maana watu huiona utapeli.

La pili ni amana, na hili ndilo la kuliangalia kwa makini. Hoteli nyingi hutaka pesa za kufidia kitakachoharibika. Ukitoa kadi, mashine haikati pesa, inazizuia tu: salio lako linapungua, lakini hoteli haijapata kitu. Ukiondoka wanaziachilia, ila ni lazima benki yako nayo ikamilishe, na hilo laweza kuchukua siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Aliyeweka pesa zote za safari kwenye kadi moja hujikuta sehemu yake imefungwa siku ya kwanza.

Tena, GlobalPay ni namba tu kwenye simu, hakuna kadi ya kushika mkononi. Karani anataka kadi ya kuchomeka kwenye mashine. Kwa hiyo chukua kadi halisi ya benki, au dirham taslimu za amana. Waandikie sasa uulize mambo mawili: amana ni kiasi gani, na je, mnapokea taslimu? Ukitoa taslimu, dai risiti yenye muhuri, kiasi na namba ya chumba. Ukiingia chumbani, kabla hujakaa, piga picha kila doa, kioo kilichopasuka na mlango wa kabati uliolegea. Siku ya kuondoka shuka nusu saa mapema, maana watatuma mtu akague chumba kabla ya kukurudishia.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha, na faida yao imo ndani.

Na kwa wanaotoka harusini moja kwa moja: hina. Shuka na taulo za hoteli ni nyeupe. Hina na piko ambazo hazijakauka vizuri huacha alama isiyotoka kwa kufua, na amana hukatwa. Paka siku mbili tatu kabla ya safari, na ubebe leso mbili, moja ya kutandika juu ya shuka, moja ya kufunika mto.

Kunguni

*Naogopa kunguni kuliko kuibiwa. Nitawajuaje, na nitahakikishaje siwaleti nyumbani? – Mama wa watoto watatu, Kisauni*

Begi lisiguse kitanda wala zulia. Liweke bafuni, juu ya vigae, mpaka umalize kukagua. Washa tochi ya simu, funua shuka kwenye pembe mbili za upande wa kichwani, uangalie mshono wa godoro. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, bapa, wa kahawia kama dengu. Mara nyingi humwoni mwenyewe, unaona alama zake: nukta nyeusi kama za wino uliosambaa kwenye kitambaa (ni damu aliyokwisha kuisaga), maganda ya rangi ya manjano, na mayai meupe ya milimita 1. Pitisha ukingo wa kadi kuukuu ndani ya mshono, walioko watatoka. Kisha angalia nyuma ya ubao wa kichwani, mashimo ya skrubu na droo ya kando ya kitanda. Dakika tano zinatosha.

Ukiwaona, piga picha, na usikubali chumba cha jirani wala cha juu yake au chini yake, kwa sababu hupita kwenye nyufa na mabomba. Omba ghorofa nyingine au pesa zako. Wala usitegemee kuwashwa, kwani alama za kuumwa huweza kuchelewa siku kadhaa.

Mkirudi, begi lifunguliwe uani, si chumbani. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au zikaushwe kwenye mashine ya joto kali nusu saa. Visivyofulika, kama viatu vya ngozi, vifungeni kwenye mfuko na viwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Kuanika begi juani hakutoshi hata kwa jua letu hili, kwa sababu kunguni hukimbilia kwenye mkunjo wenye kivuli.

Udi chumbani

*Naweza kubeba chetezo na jiko dogo la umeme? – Majengo*

Usibebe. Dari ina king'ora cha moshi, udi na mafuta ya kukaangia vitakiamsha, na faini itatoka kwenye amana. Ukitaka kupika, Dubai kuna hoteli za fleti zenye jiko ndani. Hesabu bei yake pamoja na utakachookoa kwenye chakula.

Magoti ya mama

*Nampeleka mamangu Istanbul mwezi wa Januari. Magoti yamsumbua. Bei za Laleli na Sultanahmet zakaribiana. Niende wapi? – Bamburi*

Chagua kwa lifti, si kwa mtaa. Hoteli nyingi nafuu za Sultanahmet ni nyumba za zamani, nyembamba na ndefu, na vichochoro vyake ni vya mawe na vinateremka. Waulize: kuna lifti? Kutoka barabarani hadi kwenye lifti ni ngazi ngapi? Chai ya asubuhi hunywewa wapi? Hili la mwisho husahaulika, na hoteli nyingi huko huandaa chai juu kabisa, kwenye paa. Mama atapewa chumba cha chini kisha apande kila asubuhi.

Laleli ni mtaa wa nguo za jumla, njia za miguu zimejaa marobota, lakini tramu ya T1 inapita hapo na Sultanahmet ni kituo cha tatu. Usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 3 hivi, kwa hiyo uliza pia kama kipasha joto huwashwa mchana kutwa. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule, soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo. Nunua adapta mbili hapa hapa Mombasa, moja ya simu yako, moja ya mama.