Triumph za Zamani na Watu Wake: Ushauri kwa Anayejiunga Nao

Kijana akiniuliza aanzie wapi baada ya kununua Triumph, pikipiki ya Kiingereza, ya miaka ya sitini au sabini, humjibu kwamba kabla hajanunua spana atafute watu. Wengi hudhani namtania. Pikipiki hizi zilitengenezwa kwa namna ambayo mmiliki asiye na wenzake hawezi kuziweka barabarani kwa muda mrefu, na uhitaji huo ndio uliozaa udugu wetu. Mapenzi ya nembo iliyo kwenye tanki yalifuata nyuma.

Chukua injini yenyewe. Mpango wa silinda mbili aliousanifu Edward Turner, uliojulikana kwa Speed Twin mwaka 1937, una pistoni mbili zinazopanda na kushuka kwa pamoja, na mtetemo wake hulegeza nati, hukata nyuzi za balbu na kuchosha viganja. Kasha la injini limegawanywa kwa mshono wa wima, kwa hiyo oili hupata njia ya kutoka. Pikipiki nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya sitini zina bolti za vipimo vya Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza, na namba iliyochongwa kwenye spana zake hutaja unene wa bolti wala si upana wa kichwa chake, hivyo anayekuja na spana za milimita huishia kukwangua kona za nati. Waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu kwa miaka mingi, kinyume cha ilivyozoeleka leo, na mgeni asiyeambiwa hilo huunguza vifaa ndani ya dakika moja.

Kuna pia suala la kuiwasha. Honda CB750 ilikuja na stata ya umeme mwaka 1969, lakini Bonneville, modeli maarufu ya Triumph, iliisubiri hadi 1980, kwa hiyo sisi tulijifunza kiki. Unafungua koki ya mafuta, unabonyeza kitufe cha kabureta ya Amal mpaka petroli ijitokeze, unashika klachi na kukanyaga kiki mara kadhaa ili pleti zilizogandana zitengane, kisha ndipo unawasha swichi na kukanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Kitabu cha maelekezo kinayasema hayo, lakini mimi nilifundishwa na mzee aliyesimama pembeni, mikono nyuma, akakataa katakata kunikanyagia kiki hiyo. Aliniambia, "Rudia, kijana, inakusikiliza." Nilirudia hadi ikawaka, na tangu siku hiyo nilihesabiwa kuwa mmoja wao.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Ukiwa na tatizo, lipeleke kwa wenzako pamoja na mikono yako, usilipeleke kwa simu tu. Kaa mpaka kazi iishe, shika tochi, osha vipuri kwa mafuta ya taa, na siku mwenzako anapofungua injini yake fika hata kama hukualikwa. Anayepeleka pikipiki yake kwa fundi wa kulipwa na kuonekana kwenye safari tu hupokelewa kwa heshima zote, ila siku ya shida hakuna anayemkumbuka, na wala si kwa chuki. Hakuna aliyewahi kuchafuka pamoja naye.

Kuhusu vifaa, niseme kwa ufupi. Kuna vifaa maalumu, kama kile cha kuvutia kitovu cha klachi, ambavyo kila mtu huvihitaji mara chache sana maishani, na hakuna sababu ya kila mmoja kuwa na chake. Wekeni vya pamoja, mteue mtunzaji, na kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari kwa jina na tarehe. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu ya kifaa kisichorudishwa, na sijawahi kuona ukivunjika kwa sababu ya ubishi juu ya kabureta.

Jambo linalostahili muda mrefu zaidi ni kumbukumbu. Wapenzi wa zamani wa chapa yoyote husimulia, na wetu husimulia zaidi. Utasikia mara nyingi jinsi Bonneville ilivyopata jina: mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo kirefu chenye umbo la sigara na injini ya Triumph ya sentimita za ujazo 650 kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, nchini Marekani, akapita kasi ya maili 214 kwa saa, yaani takribani kilomita 345, lakini FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, likakataa kuitambua rekodi hiyo. Utasikia pia habari za Malcolm Uphill, ambaye mwaka 1969 alizunguka njia ya mashindano ya TT kwenye kisiwa cha Isle of Man kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa akiwa juu ya Bonneville, jambo lililokuwa halijafanywa na pikipiki ya aina inayouzwa kwa umma, na ndiyo asili ya jina TT100 kwenye tairi za Dunlop. Kila msimulizi ana namna yake, na kasi ya Allen huongezeka kidogo kila mwaka. Usimsahihishe mzee mbele ya watu. Tarehe sahihi zimeandikwa kwingine na hazitapotea.

Kinachopotea ni kile alichokifanya yeye mwenyewe. Jifunze kutenganisha mambo ambayo mtu ameyasoma na mambo aliyoyashika kwa mikono yake, na hayo ya pili yaandike usiku huohuo. Nimegundua kwamba swali la jumla, kwa mfano "zamani mlikuwa mnaishije na pikipiki hizi?", huzaa majibu ya jumla. Badala yake mpe kipande mkononi. Mwenzetu mmoja alikuwa akisisitiza kwamba amesahau kila kitu, lakini alipopewa kifuniko cha valvu cha pikipiki aliyokuwa ameiuza zamani, alieleza kwa nini kona yake moja ilikuwa imepigwa tupa, nani aliipiga, na safari ipi ilikatishwa siku hiyo. Uliza kabureta hii ilitoka pikipiki gani, nani alibadilisha fremu, kwa nini rangi ya tanki si ile ya kiwandani. Andika namba ya injini na namba ya fremu, kwa kuwa pikipiki iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani huwa na namba zinazolingana, na kamwe usikubali mtu azisage au kuzipiga upya ili zifanane. Picha nazo ziandikwe nyuma majina ya watu, si ya pikipiki tu. Tunazo picha ambazo tunamjua kila aliye na magurudumu mawili na hatumjui hata mmoja mwenye miguu miwili.

Mtakapokaa pamoja, ubishi utazuka juu ya Meriden, kiwanda cha zamani cha Triumph nchini Uingereza. Kiwanda hicho kilijengwa baada ya kile cha Coventry kubomolewa kwa mabomu mwaka 1940, na mwaka 1973, kampuni mpya ya Norton Villiers Triumph ilipotangaza kukifunga, wafanyakazi walikizingira, na mwaka 1975 wakakiendesha kama ushirika, mwanzoni wote wakilipwa mshahara sawa. Ushirika huo ulifungwa mwaka 1983. Wapo kati yetu wanaosema waliokoa jina, na wapo wanaosema waliahirisha mazishi. Mimi niko upande wa kwanza, kwa sababu bila wao Bonneville ingekoma katikati ya miaka ya sabini na pengine pasingekuwa na kitu ambacho mfanyabiashara John Bloor angeona kinafaa kununuliwa. Bloor, akiwa amelinunua jina hilo, alimruhusu mtengenezaji Les Harris kuunda Bonneville kwa leseni kuanzia 1985 hadi 1988, na mwaka 1991 pikipiki za kiwanda kipya cha Hinckley zikaanza kuuzwa.

Hapo ndipo penye mtego. Wenye pikipiki za Meriden hupenda kuwaambia wenye za Hinckley kwamba zao si Triumph halisi, na maneno hayo, hata yakisemwa kwa mzaha, humfukuza mtu kimyakimya. Bonneville iliyorudi mwaka 2001 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 790 haivuji, haihitaji kiki, na mwenye nayo anaweza kuishi miaka bila kumhitaji yeyote kati yetu. Kwa hiyo ndiye anayepaswa kupewa kazi: atunze daftari la vifaa, aendeshe nyuma kabisa ya msafara akiwa na vipuri, ajifunze kurekebisha valvu za pikipiki ya mzee asiyeona vizuri tena. Nasisitiza kazi, kwa sababu mwaliko mtupu humfanya mgeni mtazamaji. Zaidi ya hayo (tusijidanganye), yeye ndiye atakayenunua za kwetu.

Katika safari, mwendo upangwe na aliye dhaifu zaidi, na anayesimama barabarani asiachwe peke yake. Sina la kuongeza.

Magoti huzeeka kabla ya injini. Mwenzenu akishindwa kukanyaga kiki, msimshauri auze na msimsifu kwa huruma. Mwekeni karibu na meza ya kazi, maana sauti ya injini inayokosea bado anaitambua kabla yenu. Kaeni naye mapema pia, akiwa na afya yake, muandike kilicho katika kila boksi la vipuri na mtu anayetaka kirithi. Bila orodha hiyo, familia hubaki na banda lililojaa vyuma visivyo na majina, na wanunuzi hufika kabla matanga hayajaisha, wengine wakiwa marafiki wa kweli wa marehemu. Kwetu tumekubaliana kwamba thamani hupangwa na mwenzetu asiyetaka kununua chochote, na kwamba hakuna kinachoondoka mpaka familia yenyewe iseme iko tayari. Daftari za marekebisho, risiti na picha hazitenganishwi na pikipiki. Mnunuzi hupewa zote kwa pamoja, na nakala yake hubaki kwenye kikundi.