Kwa nini nguva wetu hawahesabiki kama wa Florida

Ndugu mleta mada, umeuliza nguva wamebaki wangapi katika bahari yetu, na kwa nini watafiti wa hapa hawatoi hesabu ya kila mara ilhali wa Florida wanaitoa. Nitakujibu kwa niliyoyaona nilipokuwa mdodosaji wa wavuvi kati ya delta ya Rufiji na Somanga, kabla sijarudi Dar es Salaam kwa kazi nyingine. Nianze na hilo la pili, kwani ndilo linalofungua la kwanza.

Mnyama wanayemhesabu Florida ni manatii, wa ukoo mmoja na nguva wetu lakini si yeye. Manatii hastahimili kwa muda mrefu maji yaliyo chini ya nyuzi joto 20, hivyo majira ya baridi yakiingia hukusanyika kwenye chemchemi za maji vuguvugu na kando ya mitambo ya umeme, na tangu 1991 watafiti wamekuwa wakiruka kwa ndege juu ya maeneo hayo kuwahesabu. Wengi wana makovu ya rafadha za boti mgongoni, na makovu hayo hupigwa picha yakawa kitambulisho cha kila mmoja wao. Nguva wetu hana baridi ya kumkusanya. Hutawanyika kwenye nyasi bahari, akiibuka hutoa pua kwa sekunde chache tu, na maji ya Rufiji yana tope. Profesa Helen Marsh wa Australia na wenzake walibuni namna ya kusahihisha hesabu za angani, wakimtofautisha mnyama aliyekuwa juu lakini mhesabuji akapitiwa, na yule aliyekuwa amezama asiweze kuonekana na yeyote. Njia hiyo inafaa Shark Bay, huko huko Australia, ambako wapo maelfu. Kwetu, ambako wamebaki wachache, ndege inaweza kuruka siku nzima ikarudi na sifuri, na sifuri hiyo isiwe na maana kwamba wamekwisha.

Ndiyo maana tulikwenda kwa wavuvi, na siku za mwanzo tulikosea. Dodoso letu lilianza kwa kuuliza kama mvuvi amewahi kumnasa nguva, na kwa kuwa kila mmoja anajua sheria inakataza, alijibu hapana, na mazungumzo yakaishia hapo. Tukalibadilisha. Tukaanza na bahari yenyewe, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, ndipo tukafika kwenye swali la mara ya mwisho kumwona. Miaka hatukuitaja kwa tarakimu. Tuliuliza kama ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Nino, kabla au baada ya kifo cha Mwalimu. Kwa kipimo hicho watu walikumbuka kwa usahihi ulionishangaza, hadi mahali na hali ya maji siku ile.

Tulikuwa pia na kadi za picha, na kati yake tuliweka kwa makusudi picha ya manatii, ili tujue nani anamfahamu nguva kweli. Mzee mmoja, niliyemkuta dikoni akitengeneza wavu, alipokea shikamoo yangu, akazitazama kadi moja moja, kisha akanirudishia ile ya manatii. "Huyu si wa hapa, mwanangu. Mkia wake kama mwiko wa ugali. Wetu mkia wake umepasuka kama wa pomboo." Alikuwa sahihi kabisa, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza inayotajwa katika vitabu vya elimu ya wanyama. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba maelezo ya wavuvi ni hadithi tu.

Wavu aliokuwa akiutengeneza ulikuwa jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Hilo ndilo tishio kubwa kwa nguva wetu. Anavuta hewa kama sisi, kwa hiyo akinaswa chini huzama na kufa muda mrefu kabla mwenye wavu hajarudi, na mvuvi hupata hasara ya wavu uliochanika na hofu ya sheria juu yake. Mzee alinieleza hayo kwa uchungu, na niliamini uchungu wake.

Sasa swali lako la kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa sana ya kutoweka, waliokomaa wakiwa chini ya 250 katika pwani yote, na kundi pekee lenye matumaini likiwa la visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka mitatu hadi saba kabla hajazaa tena. Hata mambo yakiwa mazuri kabisa, kundi haliongezeki kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Wakiwa 20, hiyo ni nyongeza ya mmoja. Jarife likiua wawili kwa mwaka, kundi linashuka, na hatuhitaji ndege kulijua hilo.

Isitoshe, hesabu peke yake hailindi. Mwaka 2021 Florida walipoteza manatii zaidi ya 1,000, wengi kwa njaa, baada ya maji machafu kurutubisha mwani uliozuia mwanga hadi nyasi zikafa katika ghuba ya Indian River. Ilibidi watu wawarushie saladi wapate kula.

Kwa maoni yangu, mvuvi anayetoa taarifa ya nguva aliyenaswa kwa bahati mbaya asiadhibiwe, na apewe msaada wa kubadilisha zana, kwa sababu akiadhibiwa, mwingine atamficha nguva na kumzika. Nawe ukimwona, au ukisikia ameonekana, andika siku, mahali, hali ya maji na kama alikuwa na mtoto, kisha mpelekee ofisa uvuvi wa wilaya.